Kipindupindu: Kwa Nini Nchi Moja Huzika Wengi Kuliko Nyingine?

Ndugu msomaji, sisi wa Itumba na Ileje kwa jumla tunaishi kwenye kona ya nchi tatu. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia. Watu na bidhaa huvuka kila siku, na kipindupindu nacho huvuka. Tunapolinganisha vifo vya nchi hizi tunawazungumzia jamaa na majirani zetu.

Tuanze na hesabu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuendelea nchini hadi 2018 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Hao ni pungufu ya wawili katika kila wagonjwa 100. Malawi, kuanzia Machi 2022, waliugua karibu watu 59,000 na kufa zaidi ya 1,700, yaani karibu watatu katika 100. Zambia, kuanzia Oktoba 2023, waliugua zaidi ya 23,000 na kufa zaidi ya 700, nako ni watatu katika 100. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wakitibiwa ipasavyo na mapema, vifo havifiki hata mmoja katika 100. Basi hapa hakuna nchi ya kujisifu.

Je, vijidudu vya nchi moja ni vikali kuliko vya nyingine? Tazama mwaka 1991. Wimbi la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, lilifika Peru. Waliugua watu zaidi ya 320,000, wakafa karibu 2,900, pungufu ya mmoja katika 100. Mwaka huo huo Afrika iliripoti wagonjwa karibu 153,000, na karibu 14,000 wakafa, yaani tisa katika 100. Kipindupindu kilikuwa cha wimbi lile lile. Peru haikuwa nchi tajiri, na maji yake mengi hayakuwa salama. Lakini ilikuwa na pakiti za chumvi na sukari za kutosha, wahudumu waliofunzwa, na wananchi waliowahi kwenda kutibiwa.

Sababu ya tofauti hiyo utaielewa ukijua ugonjwa huu unavyoua. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa, pamoja na chumvi za mwili. Asipotibiwa, nusu ya waliozidiwa wanaweza kufa, wengine kabla siku haijaisha. Kwa hiyo anayekaa saa moja kutoka kwenye zahanati na anayekaa saa sita si sawa, ingawa wameugua ugonjwa mmoja.

Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipokimbilia Bongaon nchini India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, na wanyweshaji wengi wakawa ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika 100 hadi pungufu ya wanne.

Kwa muhtasari, tofauti za vifo hutokana na mambo haya:

1. Muda unaopita kabla mgonjwa hajaanza kunyweshwa.
2. Umbali wa zahanati, na kama ina dripu, dawa na watumishi wa kutosha.
3. Hali ya wanaougua. Watoto wenye utapiamlo, wazee na wajawazito huzidiwa upesi.
4. Namna ya kuhesabu. Wakihesabiwa waliozidiwa tu, kiwango cha vifo huonekana kikubwa. Wanaofia nyumbani wasipoandikwa, huonekana kidogo.

Ndugu msomaji, dripu na watumishi ni jukumu la serikali, na tuna haki ya kuvidai. Lakini lile jambo la kwanza limo mikononi mwetu. Weka pakiti za ORS nyumbani. Mtu akianza kuhara maji maji mfululizo kama maji ya mchele, changanya pakiti moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ukikosa pakiti, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja. Usizidishe chumvi. Mgonjwa akitapika, ngoja dakika kumi, kisha umnyweshe kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya.

Usingoje uone kama kutapona. Mpeleke zahanati huku unamnywesha njiani. Macho yakibonyea, mkojo ukikatika, ngozi ikifinywa isirudi haraka, au akiwa mlegevu hawezi kunywa, huyo anahitaji dripu mara moja.

Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa wa kipindupindu asilazimishwe kumaliza saumu. Sheria imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na hapa kungoja magharibi kunaweza kumuua.

Wala tusimfiche mgonjwa kwa kuona aibu. Akifichwa hukosa maji anayoyahitaji, na wizara hukosa habari ya kuleta dawa kijijini. Mwenyezi Mungu atukinge na atuwezeshe kuwahi.