Vocha ya kodi mkononi, nyumba iko wapi?

Marekani huzisaidia familia maskini kulipa kodi ya nyumba kwa vocha. Mtaalamu wetu wa makazi anajibu maswali.

Vocha hiyo inafanyaje kazi?

Kwa kawaida familia hutoa asilimia 30 ya kipato chake, na serikali humlipa mwenye nyumba kilichobaki, mpaka kiwango fulani. Wanaostahili ni wengi kuliko wanaopata.

Kuhama mtaa kunabadilisha nini hasa?

Muulize mtoto, si mzazi. Mwaka 1994 familia takriban 4,600 za Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilianza kugawanywa kwa bahati nasibu katika mradi mmoja. Baadhi zikapata vocha ya kuhamia mitaa yenye maskini wachache tu. Miaka ikapita, mapato ya wazazi hayakupanda, na wengi wakaona mradi umekufa. Mwaka 2015 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakawatazama watoto wale, sasa watu wazima. Waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walipata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao wasiopata vocha. Waliohama wakiwa vijana wakubwa hawakuambulia kitu.

Mbona basi wenye vocha wengi hubaki palepale?

Tulidhani wanapenda kubaki. Jaribio la Seattle na vitongoji vyake, lililoanza 2018, lilitusuta. Waliopewa vocha tupu, asilimia 15 walihamia mitaa yenye fursa. Waliopewa vocha pamoja na mtu wa kuwasaidia, asilimia 53. Mtu huyo huzungumza na wenye nyumba, hufuatilia makaratasi, hutafuta fedha za amana. Dalali, ndiyo, ila hadai kodi ya mwezi mmoja.

Basi kwa nini msaidizi huyo asiwepo kila mji?

Fedha si kikwazo kikubwa. Ruzuku yenyewe ya miaka mingi ni ghali zaidi. Shida ni wenye nyumba. Majimbo mengi bado yanawaruhusu kumkataa mpangaji kwa sababu tu ana vocha. Halafu mitaa mizuri mingi hairuhusu majengo ya familia nyingi, kwa hiyo vyumba vya kupanga ni vya kuhesabu. Ukiongeza vocha bila kugusa sheria za ujenzi, unaongeza foleni.

Na asiyetaka kuhama?

Abaki. Dada yake anayemlelea watoto yeye akiwa kazini yuko mtaa uleule, na hakuna vocha inayomhamisha dada. Hata kwenye jaribio la Seattle, vocha ilitumika popote.