Hasira na Kukubali Kosa: Somo kwa Vijana wa Pwani Yetu



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili lina mambo mawili ambayo tumezoea kuyasoma mbalimbali: kuzuia hasira, na kukubali kosa baada ya hasira kupita. Nimeyaunganisha kwa makusudi. Hadithi za kuzuia hasira tunazijua tangu chuoni kwa mwalimu. Wengi wetu tulizisikia Palma, Quionga au Mocímboa da Praia kabla hatujaweza kusoma mstari mmoja wa Kireno. Pigo kubwa linatupata baadaye, pale hasira inaposhuka, uharibifu ukawa mbele ya macho, nasi tukaanza kutafuta wa kumtwisha lawama.

Hasira katika mizani ya dini

Hasira yenyewe si dhambi. Ni maumbile, kama njaa na woga. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikasirika, na uso wake ukionekana kubadilika. Lakini Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba hakuwahi kulipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake, alikasirika pale mipaka ya Allah ilipovunjwa. Hapo ndipo mizani ilipo. Swali la kujiuliza ni hili: nimekasirika kwa ajili ya nani, na hasira hii inanipeleka kufanya nini?

Katika Surat Aal Imraan, aya ya 134, Allah anawasifu wacha Mungu kwa sifa tatu zinazofuatana: wanatoa katika raha na katika dhiki, wanaizuia ghadhabu, na wanawasamehe watu. Tazama kwamba hawakusifiwa kwa kutokuwa na ghadhabu. Wanayo, nao wanaizuia. Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Bukhari, mtu mmoja alimwomba Mtume (s.a.w.) amuusie, naye akamuusia asikasirike. Yule mtu akalirudia ombi lake mara kadhaa, na jibu halikubadilika. Wanazuoni wameeleza kwamba makusudio ni mtu aepuke yanayoiwasha hasira, na ikishawaka asiifuate.

Cólera mbili

Sisi tunaosoma kwa Kireno tunajua kwamba neno *cólera* lina maana mbili: ugonjwa wa kipindupindu, na ghadhabu. Kaskazini mwa Msumbiji maradhi haya mawili yamewahi kutembea pamoja. Wafanyakazi wa afya wanakwenda kutia klorini kwenye maji ili kuwakinga watu. Watu wanasikia *cloro*, wanasikia *cólera*, na uvumi unaenea kwamba hawa ndio wanaoleta ugonjwa. Mara kadhaa wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wamepigwa, na nyumba zimechomwa, na waliofanya hivyo waliamini kwamba wanawatetea watoto wao.

Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, chombo cha uvuvi kilichojaa watu kilizama baada ya kutoka Lunga kuelekea Ilha de Moçambique. Walikufa watu zaidi ya 90, na wengi walikuwa watoto. Viongozi wa serikali walieleza kuwa abiria walikuwa wakikimbia kwa sababu ya habari za uongo kuhusu kipindupindu. Allah awarehemu.

Ninawataja ili tuone jambo moja. Woga na hasira havisubiri ushahidi. Ndiyo maana Surat al-Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari inayoletwa na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Aya hiyo imeanza na habari na ikaishia kwenye majuto. Wazee wetu nao walisema majuto ni mjukuu: huja kinyume.

Hasira yenye sababu

Sasa tuingie mahali pagumu. Kuna hasira isiyo na sababu, na hiyo ni rahisi kuikemea. Lakini kijana wa pwani ya kaskazini akiniambia ana sababu za kukasirika, siwezi kumwambia anaota. Gesi imegunduliwa mbele ya bahari ya Palma. Watu wa Quitupo wamehamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa Afungi, wakaacha mashamba, minazi na makaburi ya wazee wao. Vijana wengi waliomaliza shule wameona ajira zikipita mbele yao. Hayo yapo.

Lakini tunajua pia yaliyofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vilishambuliwa Mocímboa da Praia. Kabla ya hapo, vijana waliohusika walikuwa wamekwisha kugombana na masheikh wao, hata wakaingia misikitini na viatu na visu. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Maelfu ya watu wameuawa, na mamia ya maelfu wamehama. Waliochinjwa na kuchomewa nyumba walikuwa mvuvi, mkulima, mama muuza samaki na mwalimu wa chuo. Hawa ndio walioonewa tangu mwanzo, wakaonewa mara ya pili na watu waliodai kuwatetea.

Qur'ani imetupa kisa cha kupimia jambo hili. Nabii Musa (a.s.) aliishi chini ya Firauni aliyewachinja watoto wa kiume wa Bani Israil. Ikiwa kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema kwamba dhuluma ndiyo iliyomsukuma, ni yeye. Katika Surat al-Qasas, aya ya 15 na 16, alimkuta mtu wa kabila lake akipigana na mtu wa upande wa Firauni, akampiga yule adui ngumi moja, naye akafa. Musa hakusema: ni kwa sababu ya Firauni. Alisema kuwa hiyo ni kazi ya shetani, kisha akakiri kwa Mola wake kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba msamaha, na Allah akamsamehe. Dhuluma ya Firauni ilibaki kuwa dhuluma, na ngumi ya Musa ilibaki kuwa ya Musa. Hesabu hizo mbili hazikuchanganywa.

Hii ndiyo kanuni ya somo letu: sababu ya hasira yangu inaweza kuwa kosa la mwenzangu, lakini kitendo changu ni changu. Surat al-Maaida, aya ya 8, inatukataza kuacha chuki ya watu fulani itutoe kwenye uadilifu.

Kanuni hii ina kazi hata leo, wakati watu wanarudi makwao. Mtu anarudi Mocímboa na kukuta nyumba yake inakaliwa na mwingine. Majirani wanatazamana kwa shaka. Katika hali hii, neno moja lililosemwa kwa hasira, kwamba fulani alikuwa nao wale, linaweza kumtoa mtu roho. Likiandikwa kwenye kundi la WhatsApp, halirudi. Msomi wa chuo kikuu ndiye wa mwisho kupaswa kulituma neno hilo bila uhakika.

Lugha inayotuficha

Kiswahili kina mlango wa kutorokea, na sote tunaupitia. Mtu akivunja sahani atakuambia sahani imevunjika. Mweka hazina wa jumuiya atasema pesa zimetumika. Aliyemtukana mwenzake atasema maneno yalimtoka. Sentensi zote tatu zimetimia, na hakuna aliyetenda! Na tukilazimishwa kumtaja mtendaji, tunamtaja mwenzetu: amenikasirisha.

Linganisha na Adam na Hawa (a.s.) katika Surat al-A'raaf, aya ya 23. Shetani aliwadanganya kweli, lakini walipoomba msamaha walikiri kwamba wao ndio waliozidhulumu nafsi zao. Iblis naye, katika sura hiyo hiyo, aya ya 16, alisema kwamba Allah ndiye aliyempoteza. Wote walikosea. Mmoja alimtupia Mola wake lawama akafukuzwa. Wengine wakakubali wakasamehewa.

Kukubali kosa kunaonekana kwenye vitendo

Amepokea Bukhari kisa cha sahani. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwingine akamtuma mtumishi na sahani ya chakula. Mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka na kupasuka. Mtume (s.a.w.) alikusanya vipande na chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameona wivu. Hakumfokea mkewe. Lakini mtumishi hakuondoka mpaka alipopewa sahani nzima kutoka nyumba ile ile, na iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja. Hasira ilieleweka, na sahani ikalipwa. Sisi huchukua nusu moja tu: ama tunamfokea mtu, ama tunasema tumwache, alikuwa na hasira, na mwenye sahani yake anaondoka mikono mitupu.

Kisa cha pili ni cha Abu Dharr (r.a.). Aligombana na mtu akamtukana kwa asili ya mama yake. Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake, akamfundisha kwamba watumwa na watumishi ni ndugu, walishwe na kuvishwa anachokula na kuvaa bwana wao. Miaka baadaye, mtu mmoja alimkuta Abu Dharr na mtumishi wake wamevaa nguo za aina moja, akamuuliza sababu. Abu Dharr akamsimulia kisa hicho kwa kinywa chake. Hakuficha kwamba aliambiwa neno zito namna ile. Na nguo ya mtumishi ilikuwa ushahidi kwamba alibadilika.

Hapa sisi wa Cabo Delgado tusikilize kwa makini. Katika mabweni yetu wamo Wamwani, Wamakonde na Wamakua. Ugomvi unaanza kwa ndoo ya maji au zamu ya kupika, na baada ya dakika mbili limeshatajwa kabila la mtu, au ameambiwa kwamba kwao ni kwa mashababi. Hilo ndilo kosa la Abu Dharr hasa. Tukishalifanya, tufuate pia na toba yake.

Hatua za kufuata

*Wakati hasira inapanda:*

1. Omba kinga kwa Allah dhidi ya shetani. Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amewiva uso kwa hasira, akasema analijua neno ambalo lau angelisema, yangemwondoka aliyo nayo, nalo ni isti'adha.
2. Nyamaza, na unyamazishe vidole pia. Usiandike wala usirekodi ujumbe wa sauti mpaka sala inayofuata ipite.
3. Badili hali. Aliyesimama akae, isipoondoka, alale. Na udhu unatuliza, hata kama wanazuoni wameizungumzia sanadi ya hadithi yake.
4. Usikate shauri. Kadhi amekatazwa kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Ikiwa kadhi amezuiwa, sisi ni nani? Mvuvi akiona upepo umezidi hutua tanga kwanza, ndipo akatafuta njia ya kurudi pwani.

*Baada ya hasira kushuka:*

1. Taja kosa kwa jina lake na ujitaje wewe. Sema: nilikutukana mbele ya wenzako. Usiseme: nisamehe kama nimekukosea. Neno "kama" linamwachia aliyeumia kazi ya kuthibitisha.
2. Timiza masharti ya toba: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa ni haki ya mja, kuna sharti la nne, nalo ni kuirudisha haki au kumwomba mwenyewe akuhalalishie. Tunatumiana ujumbe mmoja wa kuombana radhi kila Ramadhani inapokaribia. Ni desturi nzuri, lakini haulipi deni la mtu unayemjua kwa jina.
3. Rekebisha mahali ulipoharibu. Uliyemtukana kwenye kundi, msafishe kwenye kundi hilo hilo, usimfuate faraghani.
4. Usimdai msamaha wa haraka. Kazi yako ni kulipa. Kusamehe ni haki yake.

Katika Sahihi Muslim Mtume (s.a.w.) amemtaja muflisi wa umma wake: mtu atakayekuja na sala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, alimpiga yule, alikula mali ya mwingine, basi wagawiwe mema yake mpaka yaishe, kisha atwishwe madhambi yao. Ndugu zangu, sahani ya duniani ni rahisi kuilipa kuliko hiyo.

Maswali ya halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya sababu ya hasira na udhuru wa kitendo? Toa mfano kutoka kisa cha Musa (a.s.).
2. Ukipokea ujumbe unaomtuhumu mtu wa mtaa wenu, utaichunguzaje habari hiyo kabla ya kuisambaza?
3. Taja deni moja la hasira ulilonalo kwa mtu. Jibu hili usiliseme kwenye halaqa. Mpelekee mwenyewe wiki hii.

Tunamwomba Allah (s.w.) azitulize nyoyo zetu, awarehemu waliouawa, awarudishe waliohama kwa amani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokiri wakasamehewa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.