"Cessation" ilivyokaribia Kisii bila kuingia

Aprili 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza "cessation of movement" kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi, neno lililozoea kukaa katika mikataba na hati za mawakili lilihamia ndani ya matatu. Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, lilisikika mapema, maana ni boma gani huko lisilo na mtu Nairobi? Corona imepita lakini neno limebaki, na maswali yake pia.

Hasa lina maana gani?

Ni kukoma kwa jambo lililokuwa likiendelea, basi. Halisemi ni nani aliyelikomesha, wala kama litaanza tena. Kiswahili hakimwachii mtu nafasi hiyo: akisema safari "zimekoma," amefunga mlango, akisema "zimesitishwa," ameonyesha kuna aliyeamuru, na huenda kesho akaamuru vingine. Amri ya Nairobi ilikuwa ya aina ya pili. Ilianza na siku 21, ikaongezwa na kuongezwa tena, mpaka ikaondolewa Julai 7, 2020. Miezi mitatu mizima ilibebwa na neno ambalo lenyewe halina muda ndani yake.

Kisii na Nyamira ziliwahi kuwekwa chini ya "cessation"?

La, ingawa zilikaribia sana. Juni 2021, kirusi aina ya Delta kilipoenea magharibi mwa nchi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alizitia kaunti hizo mbili katika orodha ya kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na jirani zake, pamoja na Kisumu, Homa Bay, Migori, Kericho na Bomet. Mwaka uliotangulia Mombasa, Kilifi, Kwale na Mandera zilikuwa zimefungwa waziwazi. Safari hii serikali haikufunga. Tangazo lilisema kwamba kuingia na kutoka katika ukanda huo hakushauriwi kabisa, isipokuwa kwa huduma muhimu na dharura.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito barabarani. Aliyetoka Keroka kwenda Nairobi alikuwa amepuuza ushauri. Hakuwa amevunja marufuku ya kusafiri. Lakini tangazo hilohilo lilikuwa na makali kwingineko. Masoko ya wazi yasiyouza chakula wala mifugo yalisimamishwa kwa siku 30. Kwa soko kama Daraja Mbili mjini Kisii, maana yake ni kwamba muuza ndizi aliruhusiwa kuendelea ilhali jirani yake wa mitumba alitakiwa akunje turubai. Mazishi nayo yalitakiwa kufanyika ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Katika Gusii, ambako maiti husubiri mochari hadi watoto wafike kutoka mbali na michango ikamilike, sharti hilo pengine liliuma kuliko yote.

Kwa hiyo karatasi moja ilikuwa na daraja tatu: kilichoshauriwa kisifanywe, kilichosimamishwa kwa muda uliotajwa, na kilichowekewa kikomo cha saa na idadi ya watu. Kuziita zote "cessation" ni kuzichanganya.

Na kafyu je? Si ni kitu kilekile?

Kafyu huzuia saa, "cessation of movement" huzuia mpaka. Kafyu ilianza nchi nzima Machi 27, 2020 na kuondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Katika zile kaunti 13 ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, wakati kwingineko nchini ilianza saa nne usiku. Nyangusu, upande wa Kisii, ilitakiwa kulala mapema kwa saa tatu kuliko Kilgoris iliyo Narok, kaunti ambayo haikuwa kwenye orodha.

Kinyume chake kilionekana Machi 26, 2021, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilipofungwa kama eneo moja hadi Mei 1. Mtu wa Nyamira aliyenaswa Nairobi angeweza mchana kufika Mai Mahiu, kwa kuwa iko Nakuru. Narok hangeingia, hata iwe saa sita adhuhuri.

Nje ya corona, neno hili linapatikana wapi?

Katika sheria ya wakimbizi, kwa mfano. Mkataba wa 1951 una kifungu kinachoeleza lini hadhi ya ukimbizi inakoma, na wanasheria hukiita "cessation clause." Kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipendekeza kitumike kikamilifu ifikapo Desemba 31, 2017. Hapo "kukoma" ndilo neno lenyewe, maana hadhi hairudi mwezi ujao.

Mfano mwingine ni mkataba wa Pretoria wa Novemba 2, 2022, kati ya serikali ya Ethiopia na TPLF, kundi la Tigray lililopigana nayo. Uhuru Kenyatta yuleyule alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Jina la mkataba linataja "permanent cessation of hostilities." Walioliandika waliongeza "permanent," yaani wa kudumu; bila hilo kila upande ungeweza kudai ulikubali kupumzika tu.

Makosa gani hutokea mara nyingi?

La kwanza ni kulichanganya na "secession," ambalo ni kujitenga kwa eneo na nchi yake, au "cession," ambalo ni kulikabidhi eneo kwa mwingine. Kosa la herufi chache laweza kuzua kesi. La pili ni kuandika "the cease of movement." "Cease" ni kitenzi, kama nomino limebaki karibu tu katika "without cease," yaani bila kukoma. La tatu ni kuliacha peke yake, kama wanahabari wengi walivyozoea: "cessation imeondolewa." Barua ya ofisi inahitaji "of" na kinachokoma, tena na tarehe. "Cessation of employment" bila tarehe inamwacha mfanyakazi asijue mshahara wake unaishia siku gani.