Edward Carson na swali la «kwa nini»
Edward Carson alizaliwa Dublin mwaka 1854, akasoma Trinity College pamoja na Oscar Wilde, kisha akawa wakili. Mwaka 1892 aliingia katika bunge la Uingereza akiwakilisha chuo hicho (naam, chuo kilikuwa na viti vyake bungeni).

Sisi wanafunzi wa lugha tumtazame Aprili 1895, mahakamani London. Wilde alikuwa amemshtaki Marquess of Queensberry kwa kumkashifu. Carson alimtetea mshtakiwa. Wilde alijibu kwa mizaha, watu wakacheka. Carson hakushindana naye kwa ufasaha. Alimuuliza kama aliwahi kumbusu kijana fulani. Wilde akakana, akaongeza kwamba kijana yule hakuwa na sura nzuri. Kwa nini umetaja sura yake? Carson alilirudia swali hilo mpaka mwenzake akababaika. «Hapana» peke yake ingetosha. Kilichomponza ni ile sababu aliyoiongeza. Wilde aliacha mashtaka, na mwezi Mei yeye mwenyewe akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mwaka 1912 Carson, sasa kiongozi wa waliopinga Ayalandi kujitawala, alikuwa wa kwanza kutia sahihi Agano la Ulster. Wanaume zaidi ya 237,000 walilitia sahihi. Andiko la kiapo halimwachii mtu nafasi ya kuuliza kwa nini.