Kona ya michezo sebuleni wakati wa masika

Huku Kaagya, mkoani Kagera, kama ulivyo ukanda wote wa Ziwa Victoria kutoka Bukoba hadi Muleba, mvua ni nyingi. Mji wa Bukoba peke yake hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi hadi Mei ndipo inaponyesha zaidi. Kibanja kinageuka tope, na mtoto aliyezoea kukimbia kati ya migomba anashinda ndani. Wengi humpa simu ili atulie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazamishwe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Chumba cha ziada hakihitajiki. Chagua kona ya sebule, hata mita mbili kwa mbili, panapofika mwanga wa dirisha na panapokaliwa na mtu mzima. Hili la mtu mzima nalisisitiza. Chumba cha watoto kilichojitenga huachwa upesi, maana mtoto mdogo hutaka kucheza pale alipo mama, baba au bibi. Basi anza na kigoda cha mzazi, ndipo upange vya mtoto. Bibi anayechambua maharage atahesabu na mjukuu. Baba akitoka shambani atakaa hapo kumrushia mpira.

Sakafu ya saruji ni baridi, na wazee waliotandaza nyasi ndani ya misonge walijua walichofanya. Tandika magunia yaliyofuliwa yakakauka, juu yake mkeka. Kama sakafu ni ya udongo, inyunyizie maji kabla ya kufagia na ukague vidole vya mtoto kila jioni, kwa sababu funza huzaliana kwenye vumbi.

Vichezeo vipo kibanjani: mpira wa majani makavu ya migomba, gari la kuchonga kwenye shina la mgomba, vigunzi vya mahindi, na sufuria kuukuu lenye mfuniko wake. Toa vichache, vingine vikae kikapuni, ubadilishe kila baada ya siku kadhaa. Ukutani paka rangi nyeusi ya ubao, kuanzia sentimita 30 hadi mita 1 kutoka chini, ili mtoto wa miaka 3 achore kwa chaki bila kupanda kiti. Bao ni zuri sana kwa babu na mjukuu anayesoma shule ya msingi, lakini kete zake, kama zilivyo buni na karanga, zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake.

Kwenye usalama usifanye mzaha. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera, kwa hiyo kabati lifungwe ukutani kwa skrubu na vitu vizito vikae rafu ya chini. Kona isiwe chini ya televisheni. Ndoo ya maji iwe na kifuniko kinachobana. Mtoto anayejifunza kutembea huweza kuzama kwenye maji machache. Dawa za shamba na mafuta ya taa visitiwe kamwe kwenye chupa za soda, na vifungiwe mbali. Na baridi ikizidi, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Mvike mtoto sweta na soksi, umwache aruke.

Jua likitoka, anika mkeka na magunia kutwa nzima, maana unyevu wa huku huleta ukungu unaokoholesha watoto.