Fundi wa Kesho na Hesabu ya Kazi Yake: Somo la Hisabati kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Siku moja, nikiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha karibu na mji wa Bariadi, nilimkuta mwashi kijana akipiga lipu ukuta wa nyumba. Kazi yake ilikuwa safi. Nilimwuliza alivyofikia bei aliyopatana na mteja. Akanijibu, "Mwalimu, niliutazama tu ukuta." Tuliketi tukapiga hesabu pamoja, ikadhihirika kwamba msaidizi wake angepata zaidi kwa siku kuliko yeye mwenyewe. Kijana yule alimaliza darasa la saba. Kuzidisha na kugawanya alikujua, lakini hapana aliyepata kumwonyesha kwamba hesabu zile ni zana ya kazi kama ulivyo mwiko na timazi.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumekuwa tukisema kwamba shule imwandae mtoto kwa maisha. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, baadhi ya wanafunzi wetu watakuwa waashi, maseremala na mafundi bomba wanaojitafutia kazi wenyewe. Somo lifuatalo ni mwanzo wa maandalizi hayo.

Shabaha ya somo

Mwishoni mwa vipindi viwili mwanafunzi aweze: (a) kukokotoa eneo la ukuta, (b) kuorodhesha gharama zote za kazi, (c) kueleza tofauti baina ya ujira na faida.

Vifaa

Futikamba, ubao, daftari, na ukuta wa darasa. Kabla ya somo mwalimu aulize bei za vifaa madukani, na ikiwezekana amwalike fundi mmoja wa kijijini.

Hatua ya kwanza: Kupima

Wanafunzi wapime ukuta wenyewe. Tuseme urefu ni mita 8 na kimo mita 3, yaani mita za mraba 24. Madirisha mawili, kila moja mita za mraba 2, yaondolewe. Zitabaki mita za mraba 20. Fundi akiwaambia kwamba mfuko mmoja wa saruji unatosha mita za mraba 8, jibu ni mifuko 2½. Hapa mwalimu aulize: tutanunua mingapi? Mwanafunzi agundue mwenyewe kwamba dukani nusu mfuko hununuliwa kama mfuko mzima.

Hatua ya pili: Kuorodhesha gharama

Bei zifuatazo ni za mfano tu:

Saruji, mifuko 3 kwa sh. 20,000: sh. 60,000
Mchanga pamoja na kuusomba: sh. 30,000
Maji: sh. 5,000
Ujira wa fundi, siku 2 kwa sh. 25,000: sh. 50,000
Ujira wa msaidizi, siku 2 kwa sh. 12,000: sh. 24,000
Usafiri: sh. 6,000
Uchakavu wa zana: sh. 5,000
Jumla: sh. 180,000

Dharura, asilimia 10, ni sh. 18,000. Jumla mpya ni sh. 198,000. Faida, asilimia 10 ya hiyo, ni sh. 19,800. Bei ya kumtajia mteja ni sh. 217,800.

Sasa mwalimu aulize: fundi aliyetazama tu ukuta akasema sh. 150,000, atapata nini? Amepungukiwa sh. 30,000, nazo zitatoka katika ujira wake. Atabakiwa na sh. 20,000 kwa siku mbili, yaani sh. 10,000 kwa siku, ilhali msaidizi anapata sh. 12,000. Wanafunzi waachwe waligundue jambo hili wenyewe. Wala mwalimu asiwahi kulisema.

Aghalabu wanafunzi huchanganya ujira na faida. Waelezwe kwamba ujira ni chakula cha leo cha fundi, na faida ni ngazi na pimamaji vya mwakani.

Hatua ya tatu: Mapatano

Wanafunzi wawili waigize. Mmoja ni mzee mwenye nyumba, mwingine ni fundi. Mzee aseme, "Kijana wangu, nitakulipa pamba ikiuzwa." Maneno haya si ya uongo, maana huku kwetu fedha nyingi hufuata msimu wa pamba. Lakini duka la saruji halingoji msimu. Darasa litafute jibu la heshima: "Sawa, mzee wangu, ila naomba fedha ya vifaa kwanza, na tuandikiane." Kisha waandike hati fupi yenye kazi, bei, awamu za malipo, tarehe, saini na shahidi.

Maarifa ya mwalimu

Wanafunzi watauliza fundi huanzaje kuwa na kazi yake rasmi. Mwalimu ajue kwamba VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwatambua hata mafundi waliojifunzia kazini. SIDO, ya mwaka 1973, huhudumia viwanda vidogo. Namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na jina la biashara husajiliwa na BRELA. Anayetaka kuwa mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo huanzia daraja la saba na kupanda.

Tathmini

Kila mwanafunzi akadirie kazi moja ya nyumbani kwao: kuezeka banda, kutengeneza mlango au kujenga jiko. Mwalimu asisahihishe jumla peke yake. Atazame kama kuna gharama iliyosahauliwa. Mara nyingi inayosahauliwa ni siku za fundi mwenyewe.

Zoezi kwa wanachuo

Andaa somo kama hili kwa kazi ya useremala. Kumbuka kwamba wewe nawe, utakapokuwa mwalimu mkuu, huenda ukaketi na kamati ya shule kupatana bei na fundi. Je, utafurahi ukimpata aliyepunja watoto wake kwa kutokujua hesabu, na pengine ni wewe uliyemfundisha?