Faili la Access likikataa kufunguka, usikimbilie kulikarabati

Ofisi nyingi ndogo ninazozihudumia, vyama vya kuweka na kukopa, maduka ya pembejeo, shule binafsi, bado zinaendesha kazi zao kwa Microsoft Access. Wenyewe huita "mfumo", lakini ukichungulia unakuta ni faili moja lenye kiendelezi cha .accdb, au .mdb kama lilitengenezwa kabla ya toleo la 2007. Humo mna majina ya wanachama, akiba zao, mikopo na marejesho ya miaka. Siku faili hilo likigoma, ofisi nzima inasimama, na anayeshika kipanya wa kwanza hukimbilia "Compact and Repair". Naomba sana usifanye hivyo.

Kitufe kile hakizibi tundu ndani ya faili lako. Access hujenga faili jipya, huhamishia humo kila inachoweza kukisoma, kisha huliweka jipya mahali pa lile la zamani. Kisichosomeka kinaweza kuachwa. Ukikarabati nakala pekee uliyonayo, unaweza kupata mfumo unaofunguka vizuri kabisa huku rekodi za watu kadhaa hazimo, na usigundue hadi mwanachama aje kuulizia akiba yake. Kwa hiyo mimi huanza kwa kuwatoa watu wote kwenye programu, nikanakili faili kwenye diski nyingine, nakala hiyo nikaiweka kando. Majaribio yote nayafanyia kwenye nakala ya pili.

Baada ya hapo soma ujumbe wa kosa. Usibofye OK tu. Upige picha kwa simu, maana namba iliyomo inaonyesha pa kutafuta. Kosa 3024 linasema faili halikuonekana mahali Access ilipoelekezwa. Kosa 3044 linasema njia yenyewe si sahihi. Yote mawili hayasemi kwamba data imeharibika. Kinachokuwa kimebadilika ni mahali: seva imepewa jina jipya, folda imehamishwa, au diski ya mtandao iliyokuwa Z sasa inasomeka Y. Mifumo iliyogawanywa, fomu zikiwa kwenye kila kompyuta na majedwali yakiwa kwenye seva, ndiyo huathirika zaidi. Fungua "Linked Table Manager", elekeza majedwali upya, na safari hii tumia jina la seva, kwa mfano \\seva\hesabu, badala ya herufi ya diski.

Makosa 3051 na 3045 ni habari nyingine, na hapa ndipo nimeona watu wakipoteza siku nzima bure. Yanakuambia kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, au huna ruhusa ya kulisoma na kuliandika. Ili uelewe, angalia folda faili likiwa limefunguliwa: pembeni yake hutokea faili dogo lenye jina lilelile na kiendelezi cha .laccdb, au .ldb kwa mafaili ya zamani. Hilo ni kama daftari la wageni getini; linaandika kila kompyuta iliyoingia. Wa mwisho akitoka, Access hulifuta. Ndiyo maana ruhusa kwenye faili peke yake haitoshi. Kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta kwenye folda nzima. Karani mpya akipewa folda ya kusoma tu, mnaanza kusumbuana: mmoja anaingia, mwingine anazuiwa, na lawama zote zinaliangukia faili.

Umeme ukikatika, daftari hilo linaweza kubaki. Kama una hakika wote wametoka, lifute. Windows ikikataa, ujue kuna kompyuta bado imelishikilia. Nenda kwenye seva, fungua "Computer Management", halafu "Shared Folders", kisha "Open Files", utaona nani hajatoka. Ni bora kumfuata mtu huyo mezani kwake kuliko kuzima seva.

Kosa linalotisha kwa haki ni 3343, muundo wa hifadhidata hautambuliki. Hata hapo usikate tamaa upesi. Programu ya zamani ikipewa faili la toleo jipya nayo hulalamika hivyohivyo. Lifungue kwanza kwa Access mpya zaidi. (Mafaili ya Access 97 yana shida ya kinyume: toleo la 2013 na yaliyofuata hayayafungui, itakubidi uyabadilishe kwanza kwa Access 2007 au 2010.) Kama bado linagoma, fungua nakala kwa Notepad uangalie mstari wa kwanza, bila kuhifadhi chochote. Faili zima la .accdb huanza na alama chache zisizosomeka, zikifuatiwa na maneno "Standard ACE DB", la .mdb lina "Standard Jet DB". Ukikuta "PK", hilo huenda ni faili lililobanwa ambalo mtu alilibadilisha jina. Ukikuta utupu mtupu, uwezekano mkubwa ni kwamba kunakili hakukukamilika, mtu alichomoa flashi mapema. Tafuta lilikotoka.

Na kama faili limetoweka kwenye flashi, imebaki njia ya mkato tu, usiibofye. Huenda ni kazi ya virusi vinavyoficha mafaili. Washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa, kisha safisha flashi.

Ukishapita yote haya bila mafanikio, sasa karabati, kwenye nakala. Ikishindikana, unda hifadhidata mpya tupu na uingize majedwali ya zamani moja moja. Litakalokwama ndilo lenye ugonjwa, na mengine yote utakuwa umeyaokoa. Kisha linganisha idadi ya rekodi na ripoti ya mwisho iliyochapishwa. Usiwarudishie watu mfumo kabla ya ulinganisho huo.

Mafaili mengi yaliyoharibika kweli ambayo nimeyashika yalikuwa yakitumiwa na watu kadhaa kupitia Wi-Fi, au yakikaa kwenye folda inayojisawazisha na hifadhi ya mtandaoni. Access haivumilii mawasiliano yanayokatika katikati ya kuandika. Vuta waya hadi kwenye seva, na uweke betri ya akiba. Angalia pia ukubwa wa faili: kikomo ni GB 2, na likikaribia hapo litaanza kukusumbua.

Leo jioni, wenzako wakishatoka kwenye mfumo, nakili faili lenu nje ya kompyuta ya ofisi. Halafu ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.